Safari hii sisi ndo tumewafuata wajukuu

Miaka yote wao ndo wanakuja kwetu. Wanashuka na mabegi, nyumba inajaa kelele, siku ya nne wanaondoka na mimi nabaki naokota soksi za watoto chini ya kochi. Ila tangu binti yetu na mumewe wahamie shamba, halafu akazaliwa huyu wa tatu, safari zimekuwa ngumu kwao, mifugo huwezi kuiacha hivi hivi, kuna shule, kuna mtoto mdogo, basi nikamwambia mzee tusiwasubiri tena, twende sisi.

Tulitoka saa 11 alfajiri. Mzee ana presha na mimi magoti yanasumbua, kwa hiyo dawa zote niliweka kwenye mkoba wa mkononi, maana begi likishaingia kwenye buti ya basi hulioni tena mpaka mwisho wa safari. Kila basi likisimama tulishuka tukatembea hata dakika 5, mzee hakutaka mwanzoni nikamvuta mkono, ukikaa masaa mengi umekunja miguu damu inatuama kule chini na kwa umri wetu inaweza kuganda kabisa, hapo sio jambo la kuonea aibu abiria wenzio. Mchana lami ikaisha. Mkwe wetu alikuwa anatusubiri na pikapu, akambeba baba mkwe wake mpaka kwenye siti kama anabeba yai.

Mjukuu wa kwanza, ana miaka 6, alitukimbilia tukiwa bado getini. Hajasalimia, katoa kiberiti mfukoni, kafungua, ndani kuna vijino viwili. Anasema kwenye vidio hakutaka kunionesha, alitaka nivione kwa macho yangu. "Bibi, yako 20, bado 18!" Nikavaa miwani, nikakitazama kimoja kimoja, vidogo kama punje ya mchele, kimoja bado kina doa la damu kwenye mzizi. Nilikaa nacho mkononi muda mrefu sana, yaani hiki ndo nilikiona kinachomoza kwenye ufizi nikiwa nimempakata.

Huyu mdogo sasa. Ana miezi 11. Kwenye simu akiniona anacheka mpaka anapiga skrini kofi. Nikanyoosha mikono, weee, alilia mpaka sauti ikakauka, akajificha shingoni kwa mama yake. Najua fika kwamba mtoto kuanzia miezi 7, 8 hivi anaanza kuogopa nyuso ngeni na ni dalili nzuri, akili inakua, anajua nani ni wake. Nimelea wanne mimi. Lakini iliniuma, usiku nilimgeukia mzee nikamwambia hanijui, akasema hajakujua LEO, lala.

Kilichonichukua muda ni kuwa mgeni kwa mwanangu. Asubuhi ya kwanza jogoo aliwika giza totoro (ana saa yake humohumo mwilini, hasubiri kuona mwanga), nikaamka nikaanza kuosha vyombo, binti yangu akaja akanichukulia kitambaa mkononi taratibu, "Mama kaa, umefika kupumzika." Siku ya pili nikasema mtoto hajavalishwa vya kutosha, akanyamaza. Hakujibu vibaya, kanyamaza tu, na mimi nikajua. Pale ndo kwake. Toka hapo nikawa nasubiri niulizwe, na akaanza kuniuliza, tena mengi kuliko nilivyotegemea, mpaka tukawa tunaongea jikoni saa 5 usiku wengine wote wamelala.

Mzee wangu ambaye nyumbani hatoki kwenye kiti chake, yule wa kati alimshika kidole akamzungusha shamba zima na fimbo yake, kila kuku ana jina na babu akaulizwa jioni kama ameyashika. Usiku walitoka kuangalia nyota. Kule hakuna taa za barabarani, Kilimia unaiona wazi na ule ukungu mweupe wa nyota umekatiza anga lote, mzee akasema hajauona hivyo tangu akiwa kijana.

Siku ya nne nimekaa kwenye mkeka nakunja nguo za watoto. Mdogo alikuwa kule mlangoni. Sikumwita, sikumwangalia hata, niliendelea kukunja tu. Nikasikia viganja vinapiga sakafu, taratibu, vinasimama, vinaanza tena. Kisha mkono ukashika gauni langu, ukavuta, akasimama wima ameegemea goti langu, na goti lenyewe ndo lile bovu. Sikusogea. Akachukua soksi moja kwenye rundo, akanipa.