Oveni ya kuni ya nje: uipambe na nini?

Kabla hujaenda kuchagua mawe au marumaru, washa oveni yako (iwe imeshakauka) kwa saa mbili, kisha weka kiganja juu ya kuba. Kama huwezi kukiacha hapo, kinga ya joto (tabaka linalofunika kuba ili joto lisitoke) ni nyembamba, na chochote utakachobandika kitapasuka. Kwa Arusha na Moshi dawa yake ipo karibu: kokoto nyepesi za volkano, zile zenye matundu. Changanya ndoo 8 kwa ndoo 1 ya saruji, maji kidogo tu, donge lishikane mkononi bila kuchuruzika. Funika kuba kwa mchanganyiko huo, unene usipungue sentimita 10.

Vipande vya marumaru ndivyo watu wanavyovipenda zaidi, na ndivyo vinavyobanduka mapema. Fundi atalaumu gundi, lakini mara nyingi kosa ni la maji. Masika yakipita, kinga ile imeshanyonya unyevu. Ukiwasha moto mkali unageuka mvuke, na marumaru yenye mng'ao haiupitishi, kwa hiyo unaisukuma itoke. Ukiyataka hata hivyo, vunja vipande visivyozidi sentimita 5 ili vifuate mviringo, acha nafasi ya milimita 5 kati yao, tumia gundi ya nje inayonyumbulika, na kileleni pachika bomba la chuma la nusu inchi linalofika kwenye kinga. Hapo ndipo mvuke utatokea. Lifunike mvua isiingie.

Mawe ya mviringo ya mtoni yabaki kwenye kitako. Ukiyaweka mdomoni, maji yaliyojificha ndani yake huchemka na jiwe hupasuka, wakati mwingine kwa kishindo. Mawe meusi ya kuchonga nayo ni ya kitako. Kwenye kuba ni mzigo wa bure.

Kwa kuba, mimi napendekeza lipu ya chokaa. Inapumua, na ikipata ufa inazibika kwa dakika chache. Funga waya wa kuku kwanza. Kisha saruji 1, chokaa 1, mchanga uliochekechwa 6, pamoja na nyuzi za katani zilizokatwa sentimita 2 hadi 3, konzi moja kwa ndoo. Piga tabaka mbili, kila moja kama sentimita 1. La kwanza likwaruzwe kabla halijakauka ili la pili lishike. Funika kwa magunia mabichi siku 7. Jua la Moshi likiipiga mapema, itajaa nyufa hata kabla ya moto wa kwanza. Ukitaka rangi, changanya oksaidi (unga wa rangi ya madini) kwenye tabaka la juu, isizidi asilimia 5 ya uzito wa saruji na chokaa. Rangi ya mafuta usiiguse: inaziba vinyweleo, halafu inafura malengelenge.

Mdomo uwe wa matofali ya kuchoma, na usiunganishwe na lipu. Matofali hayo hupata moto na kutanuka kuliko kuba. Wakati wa kupiga lipu, weka kipande cha kadibodi nene kati yao, ukichomoe baadaye. Pengo linalobaki lijaze kamba ya kuzuia moto. Wengi huziba kwa saruji ili paonekane nadhifu, na ufa wa kwanza huanzia papo hapo.

Ufa mwembamba usioingiza ukucha uache. Unaopanuka kila ukiwasha, uzibe kwa chokaa oveni ikiwa imepoa kabisa, kabla ya mvua za Machi.