Nimeishia Suriname

Kosa lilikuwa kwenye karatasi, na karatasi niliandaa mimi, katibu wa vijana.

Ilikuwa Juni, kipupwe kimekaza, na ushirika wetu wa Kanisa la Moravian ulio upande wa Isongole, chini ya Mlima Rungwe, ulikuwa umepewa saa 24 za mnyororo wa maombi: kuanzia saa kumi na mbili jioni ya Ijumaa hadi saa kumi na mbili jioni ya Jumamosi. Kila saa nyumba mbili. Chumba ni kile cha nyuma ya madhabahu, chenye meza moja, dirisha moja na taa ya chemli.

Mnyororo wenyewe ni wa zamani. Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, waliuanza tarehe 27 Agosti 1727, wanaume 24 na wanawake 24 wakigawana saa za mchana na za usiku, wakishikilia lile agizo la Walawi 6:13 kwamba moto wa madhabahuni usizimike. Na wasidhaniwe kuwa walikuwa malaika. Mwanzoni mwa mwaka uleule kijiji chao kilikuwa kimejaa ugomvi, wakapatanishwa kwenye Meza ya Bwana tarehe 13 Agosti. Maombi yale yakaendelea zaidi ya miaka 100. Tangu 1957 Wamoravian wa dunia nzima wanapokezana mwaka mzima, kila jimbo na siku zake, na jimbo nalo linagawia shirika zake. Wahubiri wanaipenda sana ile miaka 100. Mimi naona siri iko kwenye hesabu ndogo: hakuna mtu aliyeombwa miaka mia. Kila mmoja aliombwa saa moja, na akaambiwa nani anampokea.

Kwa hiyo kazi kubwa ya mnyororo ni upangaji, na upangaji una kanuni zake ambazo wazee walikuwa wamenifundisha. Mama anayenyonyesha asipewe usiku. Wanaokaa ng'ambo ya mto wapewe saa za mwanga, maana daraja la magogo huteleza manyunyu yakianza. Nyumba mbili za saa moja ziwe jirani, ili mmoja akipitiwa na usingizi mwenzake amgongee mlango. Saa ya mtu ya usiku isimwangukie siku ya kupeleka viazi mnadani. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata baridi iwe kali namna gani: mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, mtu anaanza kuumwa kichwa, anasinzia, na hasinzii usingizi wa kawaida. Jiko likae barazani, ndani ziingie blanketi na chupa ya chai. Kiti kiwe kigumu, chenye egemeo. Kwenye Kutoka 17 watu wanakumbuka mikono ya Musa iliyoshikiliwa na Haruni na Huri, wanasahau kwamba kwanza walimtafutia jiwe la kukalia.

Saa yenyewe nayo ilikatwa vipande, kwa sababu dakika sitini ni ndefu kwa mtu asiyezoea; wengi hukauka maneno baada ya dakika ya kumi na mbili hivi, na hapo ndipo wanapodhani imani yao ni ndogo. Siyo imani, ni kukosa mpango. Zaburi moja kwa sauti. Shukrani, lakini kwa mambo yanayotajika: ng'ombe aliyepona, ada iliyopatikana. Kisha orodha ya mahitaji, jina kwa jina, ambayo mwaka ule ilianza na wagonjwa watatu na wajane, ikaja kwenye mashamba ya viazi yaliyokuwa yamepigwa na ugonjwa wa ukungu majani yakaungua kama yamemwagiwa maji ya moto, halafu ikatoka nje ya kijiji na kwenda kwa Wamoravian wenzetu: Afrika Kusini, Jamaika, Nikaragua, Suriname, Labrador, Alaska. Wimbo mmoja. Kisha kunyamaza hadi wa zamu inayofuata aje. Sheria ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote: anayepokea akae kwanza, ndipo anayeachia ainuke. Kiti kisibaki wazi.

Kanuni moja niliiruka. Wazee walisema niweke watu wawili wa akiba, walale darasa la Shule ya Jumapili kwa ajili ya saa za manane. Nikaona ni kuwasumbua watu bure.

Tena nikataka ratiba ipendeze. Nikaenda Tukuyu kuichapisha steshenari, na kwa kuwa kompyuta inapenda saa za kompyuta, ikatoka imeandikwa 18:00, 19:00, hadi 23:00, halafu 00:00, 01:00, 02:00, na kuendelea. Nikaiona safi sana. Nikaibandika mlangoni na kugawa nakala.

Namba kama 18:00 haina shida. Haifanani na saa yoyote ya Kiswahili, kwa hiyo mtu anaangalia simu yake au anauliza. Hata 00:00 watu waliiuliza. Namba inayoponza ni 02:00, kwa sababu kila mtu anaijua: ni saa mbili. Na maombi ni ya usiku, basi ni saa mbili usiku.

Saa moja jioni wakaja watatu badala ya wawili. Saa mbili wakaja wanne. Saa tatu, wanne. Saa nne na saa tano, chumba kimejaa, watu wamesimama hadi mlangoni, nyimbo zinasikika barabarani. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha kubwa, nikamwambia mama uamsho umetushukia. Mimi nilikuwa nimejiwekea saa kumi na mbili asubuhi. Nikalala fofofo.

Niliamka saa kumi na moja kasoro nikakoleze jiko. Nje ukungu mzito, huoni hata mgomba ulio mbele yako. Nilipofika barazani jiko lilikuwa majivu matupu. Daftari la sahihi lilikuwa kwenye dawati pale mlangoni. Nikalimulika kwa tochi ya simu. Saa sita: majina mawili. Saa saba: jina moja. Saa nane: hakuna. Saa tisa: hakuna. Saa kumi: hakuna. Ndipo nilipoziangalia zile sifuri kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, nikaelewa uamsho wangu ulikuwa uamsho gani.

Ndani kulikuwa na bibi mmoja, mjane, mtu wa zaidi ya miaka sabini. Yeye hakuwahi kuisoma karatasi yangu; mzee wa kanisa alimpitia nyumbani akamwambia kwa mdomo, "saa saba usiku", naye akaja saa saba usiku. Mwenzake alisoma 01:00 na alikuwa amekwisha kuja saa moja jioni, akamaliza, akaenda kulala.

"Ugonile," akaniambia kabla sijafungua mdomo. Ni salamu yetu ya kila asubuhi, na maana yake ni kama kumuuliza mtu amelalaje. Sikuwahi kuisikia ikiwa nzito namna ile.

"Ndaga, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Saa nane wako wapi?"

Nikamweleza habari za namba. Akaiomba karatasi, akaisogeza karibu na taa, akaitazama kitambo. "Kwa hiyo hawakukataa," akasema. "Walikuja." Jambo hilo ndilo alilotaka kulijua. Nilitegemea lawama, yeye alionekana kutua mzigo.

Nikamuuliza amewezaje karibu saa nne peke yake. Alijibu kama mtu anayeeleza njia ya kwenda mashineni kusaga. Orodha iliisha mapema, saa nane haijafika. Alipoona hakuna anayekuja akaanzia darajani, akapanda na njia, nyumba moja baada ya nyingine, kama anayekwenda kusalimia: hapa mtoto anakohoa, hapa wamegombania mpaka wa shamba, hapa mlango umefungwa wamehamia Chunya kwenye dhahabu. Kila nyumba aliisimamia kidogo, akapita. Alipofika nyumba ya mwisho huko juu msituni akashukia upande wa pili. Kisha akasema zaburi, kwa kichwa, zile azijuazo, maana mafuta ya taa yalikuwa yanapungua na aliona heri ashushe utambi. Kisha akairudia orodha tangu mwanzo.

"Na usingizi?"

"Nimesinzia mara mbili," akasema. "Kwenye kiti."

Nilitaka kulijaza daftari jina lake kwenye zile saa tatu zilizobaki wazi. Akakataa, zile ni saa za watu, alisema, na kama wanazitaka wazilipe usiku wa leo. Ajabu ni kwamba walizilipa, nyumba zote sita, baada ya mnyororo wenyewe kuwa umekwisha. Hilo lilikuwa la baadaye. Wakati ule kilichonitia hofu ni 07:00, ambayo watu wake wangekuja saa saba mchana, na 08:00, na zote zilizofuata. Ilibidi kutuma vijana nyumba kwa nyumba kabla hakujapambazuka vizuri, kwa mdomo, kama mzee alivyofanya.

Nikampa mkono aamke. Hakuinuka. Akaonyesha benchi kwa kidevu, nami nikakumbuka sheria yangu mwenyewe, nikaketi kwanza. Ndipo akasimama, taratibu, akishika meza, akafunga kitenge chake vizuri.

"Nimeishia Suriname," akasema. "Anzia Labrador."