Mkunga kwa mkunga

Jumamosi nilitoka zamu ya usiku, nikamchukua Zainabu tukapitia Barbican, bandari ya zamani ya Plymouth, kutafuta samaki wa kupaka. Juu ya barafu kalala mkunga mzima, mnene kama paja, hana gamba hata moja, pezi la mgongoni limeanzia karibu na kisogo likaenda bila kukatika hadi mkiani. Zainabu akapaza sauti: "Mama, ndiye wewe huyo!" Nilicheka hadi muuza samaki naye akacheka, asijue anachochekea. Utamwelezaje Mwingereza kwamba kwetu mzalishaji na samaki huyu jina lao moja? Sikumnunua. Kumla wa kazi moja niliona haya.

Jumapili nikampigia Mama, nikampa kisa chote na ziada, maana nilikuwa nimeshasomasoma. Kwamba mkunga wa huku hukaa kwenye mashimo ya miamba na meli zilizozama. Kwamba mwaka 1995, karibu na rasi ya Berry Head, alivuliwa mmoja wa kilo 60. Akipevuka huacha kula, huteremka kilindini, akataga mayai kwa mamilioni, mara moja tu maishani, akafia huko huko. Hapa hapa Plymouth, kwenye maabara ya Citadel Hill, mwishoni mwa karne ya 19, mwanabiolojia J. T. Cunningham aliwafuga matangini, akaona majike wamesusa chakula kwa miezi, meno yanang'oka, mifupa inalainika.

"Mkunga asiye na mkunga, Mama!" Nikangoja acheke.

Kimya. Nasikia feni yake tu.

"Na wewe, mwanangu, unakula?"

"Nakula, Mama."

"Unakula nini?"

"Chakula."

Basi. Akahamia kwenye maji ya mfereji, wamekatiwa tena.

Wiki hii nimezalisha mapacha, karatasi za ukaazi zimejibiwa, Salim ameposa, na mimi nimeng'ang'ana na hilo "chakula". Ningesema wali. Ningesema maharage, hata ya kopo. Huyu ni mwanamke aliyezalisha nusu ya mtaa wetu, na kabla ya kumuuliza mtu uchungu umeanza saa ngapi, humuuliza kwanza, "Umekula?" Nami wodini nauliza vivyo hivyo, kwa sauti yake yeye. Anajua jibu la mwenye njaa linavyokuwa fupi. Ukweli ni kwamba tangu Januari nala mkate saa mbili asubuhi, nimesimama kando ya sinki, koti sijalivua.

Jana usiku nikapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikapiga picha ya meza, nikamtumia. Nilijiona nimeshinda. Akajibu kwa sauti, sekunde tatu nzima:

"Naona sahani moja. Ya Zainabu. Yako iko wapi?"

Nikacheka peke yangu jikoni, nikachota sahani ya pili, nikaketi. Chumvi ilizidi.

Nikiwa nimekaa hapo ndipo nikaiona fomu ya safari ya shule ya Zainabu, imebanwa na sumaku kwenye friji. Ilitakiwa Ijumaa iliyopita.