Jioni ya mabesi wanne

Hii ni ya Desemba 2010, Dodoma, kule Nkuhungu. Nilikuwa naimba besi kwenye kwaya ya kigangoni, na mwalimu wetu wa kwaya alikuwa amepanga chumba cha uani kwa mama mmoja wa Kigogo, mkali ila mtu wa watu. Jioni moja akatuita mabesi wanne tu, tukajua leo tunasemwa maana Jumapili iliyopita tulikuwa tumeuburuza wimbo mpaka waumini wakageuka.

Kumbe ana sidii. Simfoni namba 3, yaani muziki mrefu wa okestra, ya Henryk Górecki, Mpolandi, kaitunga 1976, na alikuwa amefariki mwezi mmoja tu nyuma, mwalimu anatuambia kwa sauti ya mfiwa kabisa. Akabonyeza. Kimya. Tukasubiri, kimya, mwenzetu mmoja akainuka kuchomoa na kuchomeka waya za sabufa, mwingine akaongeza sauti mpaka mwisho, mwalimu anacheka tu. Maana ile simfoni inaanza na dabo besi peke yake, yaani mazeze makubwa yale mtu anapiga amesimama, chini kabisa, pole pole, unaisikia mbavuni kabla ya masikioni, halafu vyombo vya juu yake vinaingia kimoja kimoja na wimbo uleule, na sisi sauti tumeisahau huko mwisho, mara vioo vya dirisha vinatetemeka.

"Mmeona nani anaanza?" Aisee. Kwenye kwaya besi ni tairi la spea tu, siku ile nilikaa vizuri kwenye ndoo yangu.

Mama mwenye nyumba huyo, na mwiko mkononi. "Nyie wanangu, mnataka nyumba iniangukie?" Mwalimu akapunguza akaomba samahani, lakini mama hakutoka, kulikuwa na mwanamke ameanza kuimba.

"Huyu analia nini?"

Mwalimu akafungua kijitabu cha sidii, kina Kiingereza, akawa anamtafsiria. Kipande cha pili maneno yake yaliandikwa na binti wa miaka 18 ukutani, kwenye selo ya Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, huko Zakopane, Polandi, 1944, anamwambia mama yake asilie. Mama akavuta kigoda akakaa. Kumbikumbi wanazunguka taa, wengine wanadondokea mwikoni kwenye mchuzi wanaacha mbawa, wala mama hawapangusi.

Kipande cha tatu mama mwingine anamtafuta mwanae aliyekwenda kupigana. Hatujafika hata nusu radi ikapiga, umeme ukaenda.

Giza. Tumekaa. Sauti ya mama: "Sasa kapatikana?"

Mwalimu akamulika kijitabu na tochi ya simu, akasoma mpaka chini. "Hajapatikana mama. Anawaambia ndege wakamwimbie huko alikolala, yeye kashindwa kumwona."

Mvua ikaanza kugonga bati, tone moja moja.

"Maharage yangu," akasema, akatoka.