Kumbukumbu ya mradi: diski za breki za Toyota Noah zinazosumbua kila mara

Februari

Tatizo lenyewe kwanza. Ukikanyaga breki kwenye kasi ya 80 barabara ya Mombo kwenda Korogwe, usukani unatikisika kushoto kulia na pedali inadundadunda chini ya mguu. Ukiachia, gari linatulia palepale. Usukani ukitikisika namna hiyo, mara nyingi ugonjwa uko magurudumu ya mbele. Wa nyuma unausikia zaidi kwenye kiti.

Gereji niliyokuwa napeleka gari ilikuwa na jibu moja tu: diski zimepinda, leta nyingine. Diski mpya zikifungwa, gari linatulia kwa kilomita elfu chache, halafu mtetemeko unaanza upya, kwanza kwa mbali, kisha mpaka abiria wanauliza. Sasa nimeamua sinunui tena diski kabla ya kupima. Diski zimebadilishwa na ugonjwa umebaki, kwa hiyo chanzo kiko kwenye kitu ambacho hakijabadilishwa: habu (kitovu cha gurudumu ambacho diski inakalia), kalipa (kifaa kinachobana diski kwa pedi), nati, au namna gari linavyoteremshwa mlimani.

Mlima wenyewe si wa kupuuzwa. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Mombo karibu 400, na kati yake ni kilomita kama 33 za kona kupitia Soni. Nimepiga hesabu ya nishati: kushuka mita 1,000 ni sawa na kulisimamisha gari kutoka kasi ya 80 mara karibu 40. Liwe tupu au limejaa karoti na kabichi, idadi hiyo haibadiliki, kwa sababu uzito uko pande zote mbili za hesabu; kinachoongezeka ni joto ambalo diski zilezile zinatakiwa kulibeba. Upepo na injini vinachukua sehemu yake, na kinachobaki chote ni cha breki.

Machi, kupima

Nimeazima geji yenye uso wa saa, ile yenye kitako cha sumaku, ya kupima diski inavyoyumba ikizunguka, pamoja na maikromita ya kupima unene. Gari juu ya stendi, tairi nje, kalipa imening'inizwa kwa waya ili mpira wa breki usibebe uzito. Diski nimeibana kwa nati zake zote na washa, maana isipobanwa vizuri unapima ulegevu wako mwenyewe. Ncha ya geji nimeiweka milimita 10 kutoka ukingoni, kisha nikazungusha taratibu.

Kuyumba kwa diski, kulia: 0.04 mm. Kushoto: 0.14 mm. Kikomo kinachotajwa kwa magari mengi madogo ni 0.05.

Halafu maikromita, sehemu nane kuzunguka diski ya kushoto. Unene haulingani, tofauti ni 0.03 mm. Namba hii ndiyo inayotikisa usukani. Pedi zinapobana, zikifika penye unene zinasukumwa nyuma, zikifika penye wembamba zinasogea mbele, na mguu wako unapokea kila mabadiliko hayo.

Nimelala nikiwaza kwa nini diski nzuri inakuja kuwa hivyo. Ikikaa upande, hata kwa kiasi kidogo, sehemu moja inagusa pedi kila mzunguko ingawa hujakanyaga breki. Mguso ni mwepesi, lakini tairi la gari hili linazunguka mara kama 500 kwa kila kilomita. Baada ya kilomita 5,000 sehemu ileile imesuguliwa mara milioni mbili na nusu. Inaliwa polepole mpaka inakuwa nyembamba kuliko nyingine. Ndiyo maana diski mpya zinakubali mwanzoni, kisha zinakataa.

Machi, habu

Diski ilikataa kutoka kwa mkono. Ina matundu mawili madogo yenye uzi. Ukiingiza bolti za M8 na kuzikaza kwa zamu, inajisukuma yenyewe bila nyundo. Nyundo ningeiacha mbali kabisa na kazi hii, kwa ajili ya beringi.

Nyuma yake nikakuta nilichokuwa nakitafuta: pete ya kutu kwenye uso wa habu, imeganda upande mmoja zaidi ya mwingine, na kuzunguka stadi (bolti za habu zinazopokea nati za tairi) kuna magamba yaliyoshindiliwa yakawa kama saruji. Diski mpya zote zilikuwa zimefungwa juu ya kutu hiyo. Karatasi ya daftari ina unene wa kama 0.1 mm. Kutu ya nusu ya karatasi chini ya diski, ukifika ukingoni kipimo kimekaribia maradufu, kwa sababu ukingo uko mbali zaidi na kitovu. Huhitaji uchafu mwingi kuharibu diski nzima.

Nimesafisha kwa brashi ya waya na msasa, nikazungukia kila stadi, nikafuta kwa thina. Tupa sikuigusa, inakula chuma cha habu na hakirudi. Kisha nikaipima habu yenyewe kwa geji: inayumba 0.02 mm. Beringi haina mchezo. Furaha niliyoipata kwenye namba hiyo ni kubwa, maana habu ingekuwa imepinda, mradi ungekuwa mwingine na wa gharama nyingine.

Aprili, kukereza

Unene wa chini unaoruhusiwa umegongwa kwenye diski yenyewe, na hizi bado zina nyama ya kutosha. Nikazipeleka kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kukereza. Alipoziona akasema, "Kijana, nikikereza juu ya kutu nitakupa diski iliyonyooka kwenye mashine yangu tu." Akasafisha uso wa ndani kabla ya kufunga, akaondoa kidogo kidogo pande zote mbili za kila diski bila kuitoa kwenye mashine kazi ikiendelea. Shikamoo zangu zote kwa fundi wa namna hiyo.

Aprili, kufunga

Kwenye kalipa ya kushoto pini moja ya kutelezea ilikuwa ngumu, inasogea kwa kulazimishwa. Pini ikikwama, pedi haziachi diski vizuri na joto linapanda upande mmoja. Nimeiosha, nikabadilisha mpira wake, nikapaka grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha mipira ile.

Nilipofunga diski niliijaribu kwenye kila nafasi ya stadi tano, napima kila mara. Nafasi bora ilitoa 0.03 mm, nikaiwekea alama ya rangi.

Nati nazo. Kipimo cha Toyota ni Nm 103 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), kwa kukaza kwa msalaba na kwa awamu. Nimenunua toki spana, ile inayopima nguvu ya kukaza, ya mtumba Korogwe na sasa inakaa ndani ya gari. Kwa fundi wa pancha namwomba kwa heshima aache mashine ya upepo, nati nitazikaza mimi. Nati moja ikikazwa mara mbili ya mwenzake, inavuta diski upande wake.

Mei

Pedi mpya nimezizoesha barabara ya tambarare asubuhi: kutoka 60 napunguza hadi 15, bila kusimama kabisa, naacha zipoe, narudia. Lengo ni kupaka diski utando wa pedi ulio sawa mzunguko mzima.

Kushuka nako kumebadilika. Toka juu natia giya ya 2, injini inashikilia gari, breki nakanyaga kwa nguvu kabla ya kona kisha naachia kabisa. Nikifika Mombo breki zikiwa za moto sikai nimekanyaga. Pedi iliyobanwa juu ya diski ya moto inaacha alama yake pale pale ilipo. Natafuta pa tambarare, giya kwenye P, mguu nje. Na sipeleki gari kuoshwa mpaka diski zipoe, hasa masika hii ambapo tope linakushawishi.

Agosti

Nimefungua tena kupima. Kushoto 0.03, kulia 0.04. Tofauti ya unene haifiki 0.01 mm. Nimeshapita umbali ambao zamani mtetemeko ulikuwa umeshaanza, na kwenye 80 usukani umetulia. Kinachofuata ni breki za nyuma: hendibreki inashika upande wa kulia zaidi, na ngoma zake sijazifungua bado.