Deni la Kaa wa Uzi

Kwenda Uzi, kisiwa kidogo kusini mwa Unguja, zamani uliuliza maji kwanza, gari baadaye. Kutoka kijiji cha Unguja Ukuu njia ilipita katikati ya mikoko, na maji yakijaa njia yenyewe ilizama. Dereva alizima gari, abiria waliteremka kutafuta kivuli, na hakukuwa na wa kumlaumu. Huko ndiko alikozaliwa Mama, na mwishoni mwa Disemba 1994 alitupeleka mimi na dada yangu tukamalizie likizo kwa Bibi.

Mjini Mama alikuwa mwalimu wa hesabu. Alivaa viatu vya kufunika vidole hata akienda dukani kununua chumvi, na kucha zetu alizikagua yeye kabla hazijakaguliwa skuli. Kwangu mimi alikuwa mtu asiyeshika tope. Kaka yake mkubwa, Mjomba, alikuwa kinyume chake kabisa: mvuvi, kifua wazi, maneno mengi, na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilichopinda ambacho kila tukimwuliza alikisingizia jambo jipya. Mara nyangumi, mara jini.

Usiku alikuja barazani akasema kesho bamvua, maji yanajaa na kukauka kupita kawaida, mwezi umekufa, kiza kimeingia, kaa wamenona. Hilo la kaa kunona kizani na kukonda mbalamwezini nimelisikia pwani nzima, na bado sijakutana na mvuvi anayelipinga. Saa nne asubuhi maji yatakuwa kavu kabisa, alisema, watoto wa mjini wajiandae.

"Na mimi naja," Mama akasema.

"Mwalimu, kule hakuna ubao."

Asubuhi Mjomba alitugawia soksi kuukuu. Viatu havifai, tope linavimeza, na miguu mitupu hukatwa na chaza waliong'ang'ania mizizi. Bamvua la Unguja maji hupanda na kushuka karibu mita 4, kwa hiyo pale tulipokuwa tunakanyaga palikuwa chini ya bahari alfajiri, na pangerudi kuwa bahari kabla ya alasiri. Tulipita kwanza kwenye miti ya michu, ambayo mizizi yake inachomoza wima kutoka ardhini na kukuchoma nyayo, kisha tukaingia kwenye mikoko yenyewe, tope likafika gotini. Harufu yake ni ya mayai viza. Vikaa vidogo vyenye gando moja kubwa vilikuwa vimetapakaa kila mahali, tukikaribia vinazama mashimoni vyote kwa pamoja.

Mjomba hakuvitazama. Alitafuta mashimo mapana penye shina, yaliyotupiwa tope bichi mlangoni. Alikuwa na fimbo ya mkandaa iliyofungwa chuma kilichopindwa nchani. Anaiingiza polepole, anasikiliza kwa mkono, na akigusa gamba husema "yumo" kabla hatujaona kitu. Kaa wa kwanza alitoka ameling'ata chuma, mweusi wa kijani, mkubwa kuliko sahani ya chai. Mjomba alimkanyaga mgongoni kwa upole, akakunja magando moja baada ya jingine, akayafunga kwa kamba ya makumbi. Kisha akampindua kutuonyesha tumbo: kifuniko chembamba kilichochongoka ni dume, kipana cha mviringo ni jike. Jike huwa hazai mikokoni, alisema, akiwa na mayai hutoka kwenda bahari kuu. Waliojivua gamba karibuni, ambao ukiwabonyeza wanabonyea, aliwarudisha shimoni. Ndani maji matupu, alisema.

Tulikuwa na kaa kadhaa ndani ya pakacha alipofika kwenye shimo moja chini ya mkoko mzee. Akachokoa, akachokoa, akatoa fimbo. "Limehamwa hili."

"Yumo," Mama alisema nyuma yetu.

"Mwalimu..."

"Maji ya shimo yamevurugika. Nani ameyavuruga, wewe? Kabla hujatia fimbo yalikuwa hivyo hivyo. Shimo limepinda, chuma chako hakifiki."

Akakaza kanga kiunoni, akakunja mkono wa gauni mpaka begani, akalala kifudifudi juu ya tope. Mama yangu. Dada alinishika mkono kwa nguvu. Mkono wa Mama ukaingia, kiwiko kikapotea, bega likagusa tope, shavu lake nalo likalala ubavuni mwa shimo, na yeye akaendelea kuongea kama aliyesimama darasani. Kaa hukaa akitazama mlangoni, alitwambia, magando mbele. Basi mkono usipite chini anakokungoja. Upitishe juu, usugue dari, mpaka uko nyuma yake, halafu mgandamize kwenye tope mwenyewe atulie. Akanyamaza. Akajinyoosha zaidi. Akamtoa amemshika kwa miguu ya nyuma kabisa, ile bapa ya kuogelea, ambako magando hayafiki, na kaa mwenyewe alikuwa mkubwa kuliko wote wa siku ile.

Mjomba alitazama kaa, akamtazama dada yake aliyejaa tope mpaka nywele, akaangua kicheko akakaa juu ya mzizi. "Hujasahau, mshenzi we!"

Hapo ndipo tulipoambiwa kisa cha kidole. Utotoni Mama ndiye aliyekuwa mkono, kwa sababu wake ulikuwa mwembamba na unafika. Mjomba kazi yake kufunga, na siku moja alifunga ovyo.

Saa sita maji yalikuwa yanarudi kati ya mizizi, bila wimbi, yanapanda tu. Tukatoka.

Bibi alipika kaa wa nazi, ndimu na pilipili, wali pembeni. Babu alipikiwa samaki, changu. Sisi ni Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, naye alishika kauli ya wanazuoni wanaosema kiumbe anayeishi nchi kavu na majini haliwi. Wanawe walikula, hakugombana nao, ila chungu chake mbali, mwiko wake mbali.

Tukiwa tunavunja magando kwa mchi, Mjomba akaropoka kwamba zamani, utotoni, yeye na Mama kaa wao waliwauza kwa mchuuzi wa baiskeli.

"Watoto wa nyumba hii?" Babu aliuliza.

Bibi akaanza kupakua wali ambao hakuna aliyeuomba.

"Tena pesa zangu hakunipa," Mama akasema. "Shilingi mbili na nusu. Alinunua shati la Sikukuu."

Mjomba alichagua gando kubwa kuliko yote, akaliweka katika sahani ya Mama. "Haya, tumemalizana."

Mama alilivunja, akalila lote, akanawa. "Hilo nimelitoa shimoni mwenyewe. Deni liko pale pale."

"Na riba je, Mwalimu?"

"Riba haramu," Mama alisema, akimtazama Babu. "Nataka changu tu."