Petro Bado Anabisha Hodi

Tulikuwa watu 6 ndani ya gari dogo la kukodi, tukielekea kwenye mkutano wa injili wa siku 3 ambao tulikuwa tumeufungia na kuuombea kwa miezi miwili. Kiongozi wetu, mama aliyekuwa katika utumishi kwa miaka mingi kuliko sisi sote, alitupa sharti moja kabla hatujaondoka: kila jioni kila mmoja aseme ni wapi siku ile amemwona Mungu akitenda kazi. Jioni ya kwanza mimi nilieleza habari za vipaza sauti vilivyofika salama na ratiba iliyokamilika. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hizo ni kazi zetu. Mimi nimeuliza zake."

Siku ya pili gari liliharibika katikati ya safari. Nilitembea huku na huko kando ya barabara nikihesabu saa zinazopotea, na nakiri kwamba sala niliyoomba pale ilikuwa manung'uniko yaliyomalizikia kwa amina. Mama aliketi kwenye jiwe, akafungua Matendo ya Mitume sura ya 16, akatusomea jinsi Paulo na wenzake walivyokatazwa na Roho Mtakatifu kulihubiri neno katika Asia, wakajaribu kwenda Bithinia wakazuiwa tena, hata wakateremkia Troa, ambako Paulo aliona katika maono mtu wa Makedonia akimsihi avuke. Walipovuka na kufika Filipi, alituonyesha, waliozungumza nao kwanza walikuwa wanawake waliokusanyika kando ya mto, na Bwana akaufungua moyo wa Lidia.

Dereva alitoka uvunguni mwa gari akaketi juu ya tairi la akiba. Alikuwa akijifuta grisi kidole kimoja kimoja kwa kitambaa kilichokwisha kuwa cheusi, na bila kututazama akauliza, "Mama, hayo maombi ni ya watu wa mkutanoni tu, au hata mimi naweza kuombewa?" Mkewe alikuwa amelazwa hospitalini wiki ya tatu. Tangu jana yake alikuwa ametuendesha huku tukiimba na kuomba nyuma ya kisogo chake, wala hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza habari za nyumbani kwake.

Tulimwekea mikono palepale. Alilia, nami nililia pamoja naye, kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka Roda, yule kijakazi wa Matendo ya Mitume sura ya 12. Petro alikuwa gerezani chini ya ulinzi wa askari 16, kanisa likimwombea kwa bidii, na Mungu alipojibu kwa kumtoa gerezani, Roda akawaambia kwamba Petro yuko langoni, waombaji haohao walimwambia ana wazimu, naye Petro akaendelea kubisha. Naamini wengi wetu katika huduma tunaishi hivyo: bidii ya kuomba tunayo, lakini mtu wa kwenda langoni hatumweki. Mimi nilikuwa nimeomba roho za watu miezi miwili, na moja ilikuwa imeshika usukani mbele yangu.

Mkutanoni tulifika usiku, na siku zilizobaki waliohudhuria walikuwa wachache kuliko viti. Neno lilihubiriwa, baadhi walimpokea Kristo, nasi tulishukuru.

Tulipokuwa tukirudi, dereva alituomba tupitie hospitalini. Mkewe alikuwa bado mgonjwa, uso umekonda, lakini alipotuona mlangoni aliinuka kwa kiwiko na kumwambia mumewe kwamba tangu siku ile alipompigia simu kutoka barabarani amekuwa akiangalia mlango huu kila saa ya kutazama wagonjwa, akitumaini kwamba Mungu atamletea watu wa kuomba naye. Mama alivuta kiti karibu na kitanda. Mimi nilisogea ukutani ili wenzangu nao wapate nafasi ya kuingia.